Mikono ya Susu Ilikuwa Wapi

Nilipokuwa mtoto huko Kyuso, hatukuogopa nyoka, njaa wala chifu kama tulivyoogopa mdomo wa mama mzazi. Sisemi kufoka. Mama zetu walifoka kutwa kucha, walituita majina ya kila mnyama aliye zizini na asiye zizini, na jioni wakatupakulia muthokoi tukala. Kilichoogopwa kilikuwa kiumo, yaani laana ya mzazi. Mama akiwa na uchungu mkubwa, akashika titi alilomnyonyeshea mwanawe na kumtamkia neno baya, hicho kilikuwa kiumo, na hakikuondolewa na daktari wala mganga. Kiliondolewa na yule yule aliyekitoa. Alitia maji kinywani, akamtemea mwanawe kifuani, akasema amerudisha alichosema. Akifa kabla ya kufanya hivyo, basi tena.

Miaka mingi nimeishi kwa maneno ya watu wengine. Kazi yangu ni ukalimani mahakamani: shahidi anasema kwa Kikamba, nami namwambia hakimu kwa Kiswahili, bila kuongeza wala kupunguza. Haya ya leo ni yangu mwenyewe, na ninayaandika kwa hasira. Wanaonijua huniambia niyaache, mambo ya zamani yamepita. Huwa nawauliza, yamepita yakaenda wapi?

Nyanya yetu mzaa baba tulimwita Susu, kama Wakamba wote wanavyomwita nyanya. Mtoto wake wa mwisho alikuwa shangazi yangu Syombua, ambaye ndiye aliyekuwa amebaki naye nyumbani, akimpikia na kumtekea maji. Mwaka ule wa mahindi ya manjano ya msaada, njaa ilipokuwa imeshatuzoea, Syombua alifunga nguo zake kwenye leso, akavuka mto, akaenda kuishi na Muthui. Alikuwa na mimba, na mbuzi wa ntheo walikuwa hawajaletwa. Kwetu, mbuzi hao wasipochinjwa, msichana hajaolewa, amehama tu, na mama yake hana uso wa kupita nao sokoni. Muthui hakuwa mtu mbaya. Mbuzi wao walikuwa wamekufa kwa ukame, na watu wake walisema watawaleta mvua ikirudi. Ila hakuna aliyejisumbua kuja kumwambia Susu hivyo kwa heshima. Alisikia kwa wapita njia.

Siku ya tatu nilienda naye mtoni. Mto wetu ni mchanga mtupu miezi mingi ya mwaka, na maji yake huchimbwa. Susu alichimba kwa mikono mpaka nikawa naona mgongo wake tu, kisha akateka kwa kikombe cha bati, kikombe baada ya kikombe, nami nikamimina kwenye jerikeni. Kazi hiyo siku zote ilikuwa ya Syombua. Susu alikuwa akiongea muda wote, lakini hakuwa akiongea nami.

Jerikeni ilipojaa, alichuchumaa akaipa mgongo, akaizungushia ukanda wa ngozi, akauweka ukanda huo juu ya paji la uso, akaushika kwa mikono yote miwili kando ya masikio ili ainuke. Ndivyo wanawake wa kwetu wanavyobeba. Mzigo ukamshinda mara ya kwanza, akarudi chini kwa magoti. Hapo ndipo aliposema, sauti imejaa machozi: "Ameniacha na hii. Mimi mzee, ameniacha na hii. Hata huyo mtoto anayembeba, asimwite mama!"

Kisha akajaribu tena, akasimama, akashusha pumzi, akaniambia nisisahau kikombe. Tulipofika karibu na nyumbani alikuwa ameshaanza kumcheka mbwa wa jirani, aliyekonda hata akawa anaegemea ukuta ndipo abweke. Hayo ndiyo yote yaliyotokea. Tulikuwa wawili tu pale mtoni, na mikono yake yote miwili ilikuwa kwenye ukanda.

Siku iliyofuata nilikuwa jikoni kwa mama. Wanawake wanne walikuwa wameketi wakichambua mahindi ya msaada, wakitoa mawe na wadudu: mama yangu, majirani wawili, na Mama Kimanzi, kiongozi wa akina mama kanisani. Walikuwa wakimsema Syombua. Mimi nilikuwa mtoto wa sita kati ya wanane. Nyumba yetu ilikuwa nyumba ambayo ukianza kusema jambo, mkubwa anakukata kauli na mdogo analia, na ukimaliza hakuna anayejua ulianza. Nikaona nafasi, nikaingia.

"Susu alisema huyo mtoto asimwite Syombua mama."

Mikono yote ikasimama juu ya nyungo. Mama Kimanzi akanigeukia mwili mzima.

"Alisema lini?"

"Jana, kule mtoni."

"Na akashika titi. Si alilishika?"

Swali la namna hiyo sasa ninalijua vizuri. Mahakamani, wakili akimwuliza shahidi wake swali lililobeba jibu ndani yake, mwenzake husimama akapinga na hakimu humkatiza, kwa sababu mtu mzima mwenye akili timamu anaweza kulishwa kumbukumbu isiyo yake na akaimeza. Pale jikoni hapakuwa na wa kupinga. Palikuwa na wanawake wanne wakinitazama mimi, mtoto wa sita, na kwa mara ya kwanza maishani hakuna aliyenikata kauli. Niliona jibu wanalolingoja. Nikatia chumvi.

"Ndiyo," nikasema. Nikashika kifua changu bapa kuwaonyesha. "Hivi."

Ungo ukamponyoka mama. Mahindi yakatawanyika mpaka mlangoni, kuku wakayakimbilia, na katika mwaka ule wa njaa hakuna hata mmoja aliyewafukuza kuku. Hapo nilijua nimesema jambo kubwa. Ningeweza kulifuta wakati ule ule, kabla kuku hawajashiba. Mama akanivuta karibu, akaniuliza taratibu kama nimeona kwa macho yangu mwenyewe. Nikasema nimeona. Nikapewa chai yenye sukari, nikainywa yote.

Kabla ya siku hiyo Syombua alikuwa msichana mwenye mimba aliyekosana na mama yake. Wasichana wa namna hiyo walikuwa wengi. Baada ya siku hiyo alikuwa mtu mwenye kiumo, na kila kilichomtokea kikapewa jina hilo. Miguu yake ikivimba, kiumo. Kuku wa Muthui akiibwa na kicheche, kiumo. Akikosa usingizi, akikonda, kiumo, na ni nani ambaye hakukonda mwaka ule? Mambo hayo yote yalikuwa na sababu zake ndogo za kawaida. Hakuna aliyehangaika kuzitafuta, maana neno lilikuwepo tayari na liliwatosha.

Ungedhani kanisa lingetusaidia. Mama Kimanzi na wenzake walifunga siku mbili wakiomba kiumo kivunjwe, na kwa kukiombea wakazidi kukipigia muhuri. Babake Muthui, mzee asiyekanyaga kanisani hata kwa harusi, na mwinjilisti wetu, aliyemwita mzee huyo mpagani, waliamini jambo moja. Walibishana kuhusu dawa tu. Nikiwafikiria wale wawili hasira hunipanda, kwa sababu sisi watoto tuliambiwa tuchague kati yao kana kwamba walikuwa wakitofautiana.

Syombua alituma watu kwa mama yake mara mbili, akimsihi aje amtemee maji. Susu aliwajibu vile vile mara zote mbili: "Nimrudishie nini? Sikutoa kitu."

Baada ya wajumbe wa pili kuondoka aliniita. Alikuwa ameketi mlangoni akisuka kiondo, na hakuacha kusuka.

"Mwende, siku ile mtoni, mikono yangu ilikuwa wapi?"

Nikatazama kiondo. "Sijui, Susu."

"Hujui."

"Sijui."

Akasuka mzunguko mzima. "Haya," akasema, "nenda ukacheze."

Hakunipiga, hakuniita mwongo. Nasema wazi nilichokuwa nikikiogopa, ili msinidhanie uovu mkubwa kuliko ule nilio nao: niliogopa aibu mbele ya wale wanawake wanne. Basi. Lakini kulikuwa na jambo jingine baya zaidi ambalo sikuwa na uwezo wa kulieleza wakati ule. Nilikuwa nimeanza kuiona ile mikono. Kisa kile nilikuwa nimekisimulia mara nyingi mno. Nilisimulia kwa majirani, nikasimulia kwa wake za wajomba, nikasimulia kwa babake Muthui aliyevuka mto kuja kunisikiliza kwa masikio yake, na kila mara niliombwa nionyeshe, nami nikashika kifua. Picha ikaja yenyewe. Mpaka leo nikifumba macho naona mikono miwili kwenye ukanda, na naona pia mkono mmoja kwenye titi, na ule wa uongo ndio ninaouona vizuri zaidi, hata mshipa wake.

Miezi ya Syombua ilikuwa haijatimia siku mdogo wake Muthui alipotujia mbio, asubuhi, kabla umande haujakauka. Kijana alikuwa akihema hata hakuweza kukaa. Akasema Syombua ameshikwa na uchungu tangu alfajiri na damu inatoka. Gari lipo. Mama Zuhura, yule mwenye duka pale sokoni, ameleta pikapu yake mpaka langoni. Lakini mzee amekataa asipandishwe. Amesema ukimpeleka mtu mwenye kiumo hospitali unampeleka akafie mbali tu. Kwanza mama yake aje ateme.

Susu alikuwa akipepeta. Aliweka ungo chini.

"Waambie wampandishe gari."

"Mzee amekataa, Susu."

"Mwambie Syombua mimi mama yake sina neno naye. Mwambie nimesema hivyo. Mwambie aende hospitali."

"Hiyo haitoshi," kijana akasema. Alisema karibu alie, lakini alisema.

Nilisimama pale nikasikia mama mzazi akisema hana neno na mwanawe, na nikasikia kwamba haitoshi. Maneno aliyokuwa ameyasema kwa hasira, mzigo ukiwa umemlemea, yalikuwa yametosha kufunga njia. Haya aliyoyasema akiwa na akili yake yote hayakuweza kuifungua.

"Nikienda kutema," Susu akasema polepole, "nimekubali kwamba nilishika titi nikamlaani mtoto niliyemzaa. Sikufanya hivyo. Mnataka nikubali?"

Mama yangu, aliyekuwa amekuja aliposikia kelele, akatazama chini. Nikapiga yowe.

"Hakushika! Nilidanganya mimi! Mikono yake ilikuwa kwenye ukanda, yote miwili!"

Mama akanizaba kofi. "Unamfunika Susu wako? Leo? Mtu anakufa na wewe unacheza?"

"Amelishwa maneno huyu," kijana akamwambia mama, kana kwamba sipo. "Huyu anaishi hapa na nyanya yake, atasema nini?"

Siku ile ya mahindi nilipodanganya hakuna aliyeniuliza naishi na nani. Uongo wangu ulipokelewa ukapewa chai. Ukweli ulipokuja ulitafutiwa sababu, na sababu ikapatikana upesi. Nimeona jambo hilo mahakamani mara nyingi tangu hapo, na sijalizoea.

Susu alinitazama. Ningependa angenitazama kwa hasira, ningekuwa na kitu cha kukumbuka na kukilalamikia. Alinitazama kama mtu anayepima umbali. Kisha akaingia ndani, akatoka na kibuyu cha maji, akajifunga leso kiunoni, akashika njia ya mtoni. Nilimfuata. Hakuniambia nirudi.

Tulipofika kwa akina Muthui, wanaume walikuwa wameketi kwenye kivuli cha ghala wakisubiri. Muthui alikuwa kati yao, mikono juu ya magoti, uso umekauka. Pikapu ilikuwa langoni, mlango wa nyuma umefunguliwa na godoro limetandikwa. Mama Zuhura alikuwa kando yake akipiga kelele. Watu wake walitoka pwani zamani wakaja kufanya biashara Mwingi, na yeye akafungua duka kwetu. Kikamba chake kilikuwa cha kuuzia chumvi na sabuni.

"Mwamngoja nani nyinyi? Mtu yuatoka damu! Damu, hamwioni?"

"Mama, wewe hujui," babake Muthui akamjibu kwa Kiswahili chake. "Hii si damu tu. Hii iko na kitu yake."

"Kitu gani? Ni damu!"

"Hii ni mambo yetu. Wewe hujui."

Ni kweli hakujua. Katika watu wote waliokuwa kwenye boma lile, wa kanisa na wa kienyeji, wenye elimu na wasio nayo, yeye peke yake hakuwa na neno kiumo kichwani, na yeye peke yake ndiye aliyeiona damu. Wengine tulitazama pale pale alipotazama yeye, tukaona laana.

Syombua alikuwa amelazwa ndani juu ya ngozi ya ng'ombe, rangi imemtoka. Alipomwona mama yake alisema "Mwaitu," yaani mama, mara moja tu. Susu akapiga magoti, akafungua kibuyu. Babake Muthui akawa amesimama mlangoni.

"Sema kwanza," mzee akasema. "Tusikie sote. Sema ulishika."

Nilikuwa kando ya mzee, nimejibana ukutani. Susu akainua macho, akanitazama mimi, wala hakumtazama mzee.

"Nilishika," akasema.

Kisha akajaza maji kinywani, akamtemea Syombua kifuani, akamtemea tumboni, akapangusa kwa kiganja. "Nilichosema nimekirudisha. Zaa, mwanangu. Mtoto akuite mama."

Hapo wanaume wote wakapata nguvu za kunyanyua. Walimbeba mbio, walipiga kelele za kumhimiza dereva, walikuwa watu wema na wepesi kabisa sasa. Jua lilikuwa utosini. Gari lilikuwa limefika langoni umande ukiwa bado majanini.

Mtoto alizaliwa kwenye kituo cha afya, mvulana, na hakulia. Syombua alipona. Nesi aliuliza mbona wamechelewa kumleta, na kwa jinsi mama alivyonisimulia, waliomleta walitazamana tu.

Mvua ikanyesha mwaka uliofuata. Mbuzi wa ntheo wakaletwa, wakachinjwa, na Susu akala nyama yake kwa adabu. Syombua akazaa watoto wanne, mmoja baada ya mwingine, wote wazima. Basi kila mtu akasema mmeona? Kiumo kiliondoka siku ile Kaluki alipotema maji, na kama angekuja mapema hata yule wa kwanza angepona. Kaluki ndilo lilikuwa jina la Susu. Mama Kimanzi alilishuhudia jambo hilo kanisani, akalia, watu wakapiga makofi. Katika ushuhuda wake hapakuwa na pikapu wala nesi, na wala hapakuwa na swali alilonitia mdomoni juu ya ungo wa mahindi.

Susu aliishi miaka mingine saba. Wanawake wenye watoto wachanga walipokutana naye njiani walivuta leso wakafunika sura za watoto wao. Walifanya hivyo kwa upole, wakimwamkia, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Kwetu jina la nyanya hurudi kwa mjukuu, ndivyo mtu wetu asivyopotea. Binti wa pili wa Syombua alikuwa aitwe Kaluki. Walimwita Grace, na jina la Kikamba wakalitafuta upande mwingine. Kaka zangu walipozaa, vile vile. Katika ukoo mzima hakuna Kaluki.

Nilimwomba msamaha mara moja, nikiwa darasa la saba. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima kutoka shuleni. Nilipofikia pale pa mikono, akanipa ncha za nyuzi za kiondo chake. "Shika hapa nifunge," akasema. Nikashika, akafunga. Hatukuongea tena juu ya jambo hilo, na alikufa nikiwa shule ya upili, nikaambiwa wiki moja baada ya mazishi ili nisikose mitihani.

Mwezi uliopita nilienda kwa Syombua. Siku hizi mtoni kuna daraja. Nilimkuta akichambua ndengu barazani, mwanamke mzee sasa, anafanana na mama yake hata nilishtuka. Muthui alikuwa nje kwenye kiti, sauti ya redio iko juu. Nilikuwa nimebeba kisa hiki miaka karibu arobaini, nikampa chote kwa mara moja: ukanda, jerikeni, swali la Mama Kimanzi, jibu langu, chai yenye sukari. Alisikiliza bila kuacha kuchambua.

"Mwende, unataka nini?" akaniuliza nilipomaliza.

"Nataka ujue kwamba Susu hakukulaani."

"Sawa. Basi ni nini kilichomuua mtoto wangu?"

Nje, Muthui akapunguza sauti ya redio. Jibu nilikuwa nalo. Nimelijua tangu nilipopata akili ya kuhesabu saa: asubuhi nzima ya gari lililosimama langoni, na wanaume wameketi kwenye kivuli cha ghala, na mmoja wao, mikono juu ya magoti, akiwa baba wa mtoto. Syombua alikuwa akinitazama, na nikaona kwamba anajua ninalo.

"Usiniambie," akasema kwa sauti ya chini. "Na mtu huyu nimekaa maisha yangu yote. Mama alishakufa, hawezi kuumia tena. Kiumo nimekizoea. Hilo lingine nitaliweka wapi, mimi?"

Akanimiminia chai. Niliinywa kwa hasira, na hasira hiyo haikuwa juu yake. Nilijionea jinsi neno lile lilivyomfaa kila mtu: lilimfaa mzee aliyezuia gari, likamfaa Muthui aliyekaa, likamfaa mwinjilisti, likanifaa mimi niliyedanganya nikiwa mtoto asiyejua kitu, na sasa lilimfaa hata mama wa yule mtoto. Wote tulipata mahali pa kujificha ndani yake. Mtu mmoja tu ndiye aliyebaki nje, na ndiye aliyekuwa na mikono safi.

Nikaaga. Nilikuwa nimeshafika barabarani niliposikia miguu nyuma yangu. Syombua alikuwa amenifuata, ndengu chache zikiwa bado kwenye kiganja chake. Akageuka akatazama nyumbani, akaona tuko mbali na redio.

"Ilikuwa wapi?" akaniuliza. "Mikono yake."

Nikaweka mkoba chini. Nikainua mikono yote miwili kando ya masikio, nikakunja ngumi kama mtu aliyeshika ukanda, nikakunja na magoti kidogo.

Akaitazama mikono yangu.

"Ni ile jerikeni kubwa?"

"Ile kubwa."

"Ile ilikuwa yangu kubeba," akasema. Kisha akafumba kiganja chenye ndengu, akarudi kwake bila kuniaga.

Sijui kama nilifanya vizuri kwenda. Hasira yangu sikuiacha pale, nilirudi nayo kwenye gari na ninayo hapa ninapoandika. Lakini kwa miaka mingi nilikuwa mtu pekee aliye hai anayejua mikono ya Kaluki ilikuwa wapi siku ile mtoni, na sasa tuko wawili.